Bwana Ardhi na Miti ya Marehemu

Ukija ofisini kwetu kuomba kiwanja, Bwana Ardhi hakuanza kwa kukuuliza jina. Alikukaribisha kiti, akakutazama juu ya miwani, akauliza, "Moshi wako utaenda wapi?"

Watu walishangaa. Mmoja, fundi wa matofali mwenye mikono myekundu kwa udongo, aligeuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine anayesemeshwa. "Moshi gani tena, Bwana Ardhi? Mimi nataka mahali pa tanuri. Nachoma tofali za shule."

"Basi nauliza moshi wa tofali za shule."

"Hata moshi wa shule una dhambi?"

"Una dhambi ya kuelekea zahanati," akasema, akafungua ramani na kumwonyesha kwa kidole upepo unatoka wapi na wagonjwa wamelala wapi. Fundi alipewa mahali pengine, ng'ambo ya barabara, akaondoka akinung'unika kwamba amekuja kuomba ardhi akapewa somo la upepo.

Nilifanya kazi na mtu huyu miaka tisa, yeye mkubwa wa ofisi, mimi mchoraji wa ramani. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili na kabati moja, katika mji wetu mdogo wa njiani, kati ya Masasi na Newala, pale magari yanapopoza injini kabla ya kuanza kupanda kwenda juu Umakondeni. Jina lake sitalitaja. Hata mjini hapakuwa na aliyelitumia; mkewe mwenyewe alimwita Bwana Ardhi mbele za watu. Na niseme mapema kwamba katika habari hii nina kosa langu. Nitalifikia, ila naomba nisiharakishwe.

Alikuwa na suti mbili za Kaunda, zote za rangi ya majivu, na moja ilikuwa imefifia zaidi ya nyingine, kwa hiyo tulijua ni siku gani ya wiki kwa kumtazama tu. Mfukoni mwa juu alichomeka penseli ya kijani. Penseli nyingine zote za ofisi tulizitumia pamoja, hiyo alikuwa haigawi. Nilipoajiriwa nilithubutu kuiomba mara moja nipake sehemu ndogo ya ramani, akaufunika mfuko kwa kiganja utadhani nimeomba jino lake. "Binti," akasema, "rangi nyingine ukizikosea tutarekebisha. Hii ukiikosea watu watajenga."

Kwenye wembe alikuwa mkali vilevile. Siku zile ramani tulichora kwa wino kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na ukitaka kufuta mstari unaukwangua kwa wembe, polepole, mpaka wino utoke na karatasi ibaki nzima. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi, naweza kuukwangua mstari usijue kama uliwahi kuwepo. Alinisifu kwa hilo, kisha akaniharibia sifa: "Ukikwangua hapa, kuna mtu umemfutia shamba. Usikwangue kabla hujajua jina lake." Nikawa nauliza jina kila mara, hata kwa vijia vya mbuzi, mpaka akacheka.

Sasa hili la moshi. Siku hizi redioni wanasema hewa ukaa, na kuna semina, na watu wanapewa kofia. Yeye alisema moshi tu. Chuoni alifundishwa kwamba mti unakula hewa tunayoitema sisi na majiko yetu, unaihifadhi mwilini mwake ikawa gogo, na mji unaochoma kuliko miti yake inavyoweza kula unajidhulumu. Akatufafanulia hivi: "Mnajua habari ya mtu aliyelala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa. Mji nao una milango. Mkiijenga yote, mtalala hivyo hivyo." Mhudumu wetu wa ofisi akasema astaghfirullah, na tangu siku hiyo hakuingiza jiko chumbani mwake.

Nyuma ya soko kuna jiwe kubwa, la aina ya mawe yanayouzunguka mji wa Masasi, ila letu ni dogo. Mara moja kila msimu alinipandisha juu yake asubuhi, wakati uji unapikwa kila nyumba, akakaa na ubao magotini akitia nukta pale kila moshi unapochomoza: jiko, tanuri la mikate, matofali, mtu anayechoma shamba. Tukirudi ofisini nilizichora upya kwa wino. Kwenye karatasi ya pili nilichora miti. Kisha alizibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likipita nyuma yake, na palipoonekana moshi bila mti alipaita pabovu. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake. Alisimama pale dirishani mpaka chai ikapoa.

Na mtu huyu alivuta sigara kama tanuri la matofali. Nyani haoni kundule. Ila ndani hakuvuta. Alitoka mpaka uwanja wa wazi ulio kati ya soko na zahanati, akavuta huko amesimama peke yake, akarudi. Nilimchokoza siku moja, "Bwana Ardhi, na huo moshi wako unaenda wapi?" Akanijibu bila kutabasamu, "Huo nimeuombea kibali."

Mkewe alipikia mkaa, naye alikula wali wa mkaa na kuusifu. Kwa dada yake hakuwa hata na mzaha. Huku kwetu mjomba ni mkubwa wa watoto wa dada zake; ndiye anayewaoza, ndiye anayewatafutia mahali. Dada yake wa tumbo moja alikuja kumwombea mtoto wake kiwanja cha genge pembeni mwa uwanja ule ule, hatua ishirini tu. Akamkatalia. Dada akasema, "Mjomba wa watu wote isipokuwa wa kwangu," akajifunga kanga, akaondoka, na hawakusemezana miaka mingi. Nilikuwepo, nikajifanya nachonga penseli. Niliona ni ukatili, na hata leo sijui kama nimebadili mawazo.

Uwanja wenyewe niueleze, maana ndio alioupigania. Kwenye ramani aliupaka kijani, na watu wakaanza kuuita hivyo, Kijani. "Tukutane Kijani." Lakini ukiufikia hukukuta kijani chochote: nyasi, mbuzi, na vumbi la kutosha kuoga. Miaka ile biashara ilikuwa imefanywa huria, neno ruksa liko kila mdomo, mitumba imeingia, wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja na magari yao, na kila mwenye akili anataka mahali karibu na barabara. Wakubwa wa mbali walipoitazama Kijani waliona pori. Bwana Ardhi alijua rangi ya penseli haitauzuia mji. Akaamua kupanda miti, tena haraka.

Akaitisha mkutano. Kila nyumba mti mmoja, akasema, na mti huo utaandikwa kwenye ramani kwa herufi za jina la mwenyewe, ili autunze. Alikuwa ameotesha mijohoro na miarobaini kwenye makopo ya maziwa nyuma ya ofisi, ameimwagilia mwenyewe jioni baada ya jioni. Siku ya kupanda watu walifurika na majembe kuliko siku ya mbio za mwenge. Ila hakuna aliyeyagusa makopo yake. Kila mmoja alikuja na mche wake kutoka nyumbani, na wote walileta mkorosho.

Mimi mwenyewe mche wangu nilipewa na mama. Nilimwambia ofisini ipo mijohoro ya bure. Akaguna. "Njohoro una neno gani? Ntu akipanda nkorosho, pale pake. Njohoro ukaupande kwa nani?"

Asiye wa huku lazima aelezwe. Kwetu, aliyepanda mkorosho ndiye mwenye pale ulipo, na asiye na hati hati yake ni mti. Wakati wa operesheni ya vijiji watu walihamishwa wakawekwa kando ya barabara, lakini mikorosho ilibaki kwenye mahame, na kila msimu walirudi kwa miguu kuokota korosho, mtu na mti wake, hakuna aliyegusa wa mwenzake. Basi siku ile watu hawakuja kupamba mji. Walikuja kuchukua sehemu zao. Bwana Ardhi, mtu wa Chilangala, aliyekulia katikati ya mikorosho ya wajomba zake, alipita na daftari amefurahi hana mfano, akiandika herufi za kila mmoja, na mimi nikachora kila mti duara, na herufi zake ndani. Nilidhani anajua anachofanya. Sikumuuliza.

Yeye hakupanda. Mgawa ardhi, alisema, hana haki ya kuwa na mti Kijani.

Mikorosho haichelewi. Baada ya miaka michache matawi yalikutana, vumbi likapungua, wagonjwa wa zahanati wakawa wanasubiri zamu zao kwenye kivuli, na msimu wa mabibo harufu ilifika mpaka ofisini. Tulipanda tena jiwe. Alizitazama nukta zake, akatazama chini, akasema, "Pale pabovu pamepona." Nilimwona akipangusa miwani, na haikuwa na vumbi.

Kisha akaja mnunuzi wa korosho aliyetaka mahali pa ghala. Yeye mwenyewe tulimwona mara mbili tu, ndani ya gari. Aliyemfanyia kazi alikuwa wakala, kijana mpole, mwenye salamu ndefu. Ofisini kwetu hakukanyaga. Alipita nyumba kwa nyumba, akikaa, akinywa maji, akiuliza hali za watoto, na mwisho akisema kwamba tajiri wake anataka kununua mti. Ardhi hapana, mti tu. Na kwa mti alikuwa akitoa mabati.

Mwanzoni watu walimkatalia. Walikuwa wanaangalia ofisi itasema nini.

Hapo ndipo mimi ninapoingia. Mama yangu alikuwa analala kwenye nyumba ya nyasi, na mwaka ule nyasi za kuezekea zilikuwa adimu, na mvua ilikuwa inamdondokea kitandani. Alikuwa anahamisha kitanda kama anayecheza na maji. Wakala alifika siku ya tatu ya mvua mfululizo, akatazama juu, akatazama sufuria zilizotegwa sakafuni na juu ya godoro, akatoa karatasi. Nikatia sahihi. Nilijiambia ni mti mmoja kati ya mingi, na hata sasa nikiwaza ile sufuria iliyotegwa juu ya godoro sijui ningefanya nini kingine. Lakini kesho yake nilipofika sokoni kununua chumvi nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, wala hakunong'ona: "Hata mchora ramani kauza. Wewe unangoja nini?"

Baada ya hapo bandu bandu huisha gogo. Wakala hakuhitaji tena kupita nyumba, walimfuata wenyewe. Bwana Ardhi aliandika barua kwa wakubwa kupinga, na aliandika vizuri, niliipiga chapa mimi. Jibu lilikuja mistari miwili: wenye miti wameridhia, hivyo hakuna mlalamikaji. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na penseli. Siku ya mashoka alikwenda akasimama mahali pake pa kuvutia sigara, sigara mkononi, hakuiwasha. Nami nilibaki dirishani. Juu ya mti wangu hakuniambia neno siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na aliendelea kuniita Mama Somoe, kwa jina la mwanangu, kwa upole ule ule, na afadhali angenitukana.

Miti minne haikuuzwa. Wenyewe walikuwa wamekufa kabla ya wakala kuja, na warithi walikuwa wametawanyika, mwingine Lukuledi, mwingine Dar, mwingine hajulikani, na kila aliyepatikana alisema siuzi mpaka fulani akubali. Wakala alikwenda Lukuledi mara tatu, na mara zote tatu alirudi na ming'oko tu, vile viazi vya porini, aliyopewa kwa heshima ya ugeni. Mwisho tajiri alichoka kungoja. Ukiliona ghala lile leo, utaona ukuta unakwenda sawasawa, kisha unajikunja kuikwepa miti minne, kisha unaendelea. Pale kwenye kikunjo ndipo wagonjwa wanaposubiri siku hizi, wamebanana. Bwana Ardhi alipouona ukuta ule ulivyopinda alisema neno moja tu ambalo mji mzima ulilirudia: "Marehemu ndio raia waliobaki."

Alistaafu akarudi kwao Chilangala. Miaka ikapita. Nilikuwa ningali ofisini nilipopanda kwenda Newala kwenye msiba, na kurudi nikaona haya kupita bila kumwona. Niliukuta mlango wazi, yeye kwenye mkeka, amekonda, kifua kinapiga filimbi.

"Shikamoo, Bwana Ardhi."

"Marahaba, Mama Somoe. Karibu. Moshi wangu umenirudia, unauona." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. Nilitaka kucheka naye nikashindwa.

Mkewe alileta chai. Tulizungumza habari za watu, nani kafa, nani kaoa. Kisha akamwomba mkewe amletee bomba la karatasi lililokuwa juu ya kabati, akalikunjua kwenye mkeka, akalibana kwa vikombe. Ilikuwa ramani ya Kijani, nakala niliyoichora mwenyewe. Maduara yalikuwa yamekwanguliwa, karibu yote, kwa mkono usio na mazoea. Karatasi imevimba vimba. Ya marehemu wanne yalikuwepo. Na la tano lilikuwepo, na ndani yake herufi zangu.

Nikasema, "Bwana Ardhi, na wangu uliuzwa."

"Najua. Nililisikia shoka lake."

"Mbona hukulikwangua?"

"Kila aliyekuja kuniona nilimpa wembe," akasema. "Wengine hawakuja, nikawakwangulia. Wewe nilijua utakuja." Akaingiza mkono chini ya mto akatoa wembe, umefungwa kwenye karatasi yake. "Jina unalijua."

Nililikwangua duara langu. Mkono wangu uliosifiwa ukaitoboa karatasi. Nililia pale mbele ya mkewe, nikamwambia habari ya mvua, ya sufuria, ya godoro la mama, maneno yote niliyoyaweka kwa miaka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako alilala pakavu?"

"Alilala pakavu."

"Alhamdulillah," akasema, na nilijua anasema kweli.

Nilipotulia nikamuuliza kilichonisumbua siku zote: yeye mtu wa Chilangala, hakujua maana ya mkorosho?

"Nilijua. Nilidhani kila mtu akiwa na wake, tajiri atachoka kubisha hodi milango yote ile." Akaufunga tena wembe kwenye karatasi yake. "Hakuchoka."

Kisha akanionyesha pembeni mwa mlango. Palikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake mche, majani mapana, mekundu bado kwa uchanga. Mkorosho. Akasema niuchukue, niupande pale kwenye kikunjo cha ukuta, kwa jina lake, mbele ya mashahidi wengi, na watoto wa dada zake wote waitwe washuhudie.

"Lakini ulisema mgawa ardhi hana haki ya mti Kijani."

"Sasa sigawi ardhi. Na nina siku chache, Mama Somoe. Wapwa zangu ni kumi na wawili, na tangu mama zao wawanyonyeshe hawajakubaliana hata juu ya chumvi ya mboga." Akavuta pumzi kwa shida. "Wataurithi wote."

Nilielewa, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu niingie, machozi hayajakauka. Akatoa penseli ya kijani, fupi sasa kama kidole gumba, akanikabidhi bila kuniambia nichore wapi. Nilichora duara karibu na tundu nililolitoboa, nikaandika herufi zake ndani.

Niliupanda wiki ileile. Wapwa walikuja, hata yule aliyenyimwa kiwanja cha genge, na walibishana pale pale kuhusu nafasi ya shimo. Yeye hakuifikia mvua iliyofuata. Kwenye arobaini yake, baada ya dua, ugomvi wa mti ulianza kabla sinia hazijaondolewa: mmoja anataka kuuza kwa mwenye ghala, mmoja anataka ukue kwanza, mmoja anadai mama yake alikuwa mkubwa, wa genge anasema hatatia sahihi yake chini ya sahihi ya mtu yeyote. Waliniuliza mimi shahidi nasemaje. Nikajaza ubwabwa mdomoni.

Mti sasa umenipita kimo. Wapwa wameshakaa vikao vingi, na kila wakiachana nasikia ni kwa kelele. Mimi katika swala zangu humwombea marehemu, humwombea mama, kisha huwaombea wale kumi na wawili afya njema na maisha marefu, na kwamba Mungu asiwapatanishe.